Wikiendi ya Bei Chee: Jina la Pili Kwenye Tiketi

"Na wewe, bibie, ndiye Birgit Classen?"

Hapo ndipo tulipomwacha Wiebke Harms wiki iliyopita, na najua wengine wenu hamkulala vizuri. Kondakta ameinamia tiketi, miwani imemshuka puani, na Wiebke amekaa bega kwa bega na mumewe wa miaka ishirini na tano, akisikia jina la mwanamke mwingine likisomwa kwa sauti ndani ya treni ya Ijumaa asubuhi, kutoka Hamburg kwenda Flensburg.

Aliyepanda leo asipate tabu. Tiketi yenyewe ni ile ya kundi, ya bei chee, inayokutembeza jimbo zima kutwa nzima mradi upande treni za kawaida na usitoke kabla ya saa tatu asubuhi. Ina sharti moja: majina ya wasafiri yaandikwe kwa wino kabla ya kupanda. Na Detlef Harms, karani wa vipimo vya ardhi, mtu wa mkono wa birika aliyekubuhu, alikuwa ameyaandika. Kwa herufi kubwa. Kwa rula.

DETLEF HARMS. BIRGIT CLASSEN.

Mwanamume anamzunguka mkewe mwaka mzima, halafu anaandika jina la hawara yake kwa wino, kwa sababu masharti yamesema liandikwe! Hakujua tu kwamba mkewe angetokea kwenye jukwaa la stesheni dakika ya mwisho, sanduku mkononi, na kusema, "Na mimi nakuja."

Wiebke alilijua jina hilo. Alilisoma kwenye barua ya wakili. Birgit Classen ndiye mnunuzi wa nyumba ya marehemu shangazi Tomma kule Flensburg, nyumba aliyoachiwa Wiebke, ambayo Detlef alimshawishi mwezi mzima aiuze. Alimsainia mumewe hati ya uwakilishi ili amalize mambo kwa niaba yake. Kisha nafsi ikamsuta. Leo saa saba mchana ni miadi kwa wakili, na Wiebke alipanda treni hii kwa nia moja tu: kufika ofisini kabla ya saa saba na kusema hauzi.

Basi kondakta anangoja jibu.

"Ndiyo," Wiebke alisema kwa sauti kavu. "Ndiye mimi."

"Hapana!" Detlef aliruka kitini. "Hapana, kondakta, siye. Huyu ni mke wangu."

Abiria wa kiti cha pili akashusha gazeti.

"Mkeo," alisema kondakta. Alikuwa mama wa makamo, na alishaona mengi kazini. "Na Bi Classen yuko wapi?"

"Atapanda Elmshorn," alijibu Detlef.

Naam, alisema hivyo. Mwaka mzima wa vikao vya uongo na safari za kazi hewa, na mwanamume huyu alishindwa kuuvumilia uongo mmoja aliofanyiwa kondakta.

"Wenye majina wanatakiwa wasafiri pamoja, bwana."

"Wanaruhusiwa kupandia njiani," alisema Detlef, akatazama saa. "Ukurasa wa pili, aya ya nne. Bado dakika kumi na moja."

"Na mkeo?"

"Mke wangu hayumo kwenye tiketi." Detlef alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Jina likishaandikwa halifutwi. Itabidi alipe faini. Sina la kufanya."

Wiebke alifungua pochi akatoa kadi yake ya mwezi, ile anayoendea kazini, inayokubalika treni zote za kawaida.

"Faini kamlipie mamako," alisema. "Mimi ninayo yangu."

Kondakta aliipitisha kadi kwenye mashine, ikalia. "Sasa kwa nini ulisema wewe ni Classen?"

"Nilitaka kuona mume wangu ataustahimili uongo kwa muda gani. Kumbe anaustahimili wa kwake tu."

Kondakta aliirudisha tiketi ya Detlef kwa ncha za vidole viwili, akaenda zake. Detlef aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Naweza kueleza," alisema.

"Hebu eleza."

"Tiketi ya mtu mmoja na ya wawili tofauti yake ni ndogo sana. Ningeacha nafasi ya pili ipotee bure? Bi Classen ni mnunuzi, anakwenda kwa wakili uleule, saa ileile. Nikaona tuchangie. Ni busara tu, Wiebke."

Ajabu ni kwamba Wiebke nusura aamini. Uongo wenyewe ulifanana na Detlef kila upande. Mtu aliyekuwa akikausha mfuko wa chai autumie kesho angeshindwa kumbeba mnunuzi ili kuokoa nusu ya tiketi?

Treni ilisimama Elmshorn.

Mwanamke mmoja aliingia, koti la kijani, nywele fupi, sanduku dogo la magurudumu na kopo la plastiki. Alikwenda moja kwa moja kwa Detlef, akambusu mdomoni.

"Mpenzi wangu! Umenishikia kiti?"

Mwanamke aligeuka, akamwona Wiebke, macho yakamng'aa.

"Lo! Usiniambie. Huyu ndiye dadako! Wiebke Harms, yule wa kwenye mkataba!" Akamkumbatia Wiebke kwa nguvu, shavu kwa shavu. "Wifi yangu jamani! Detlef kaniambia huwezi safari, una kichwa kinauma kila siku."

Kwa hiyo alikuwa amemfanya dada. Miaka ishirini na tano ya kumfulia soksi, na amegeuzwa dada mwenye kichwa kinachouma.

Wiebke angeweza kuliwasha moto gari zima la treni pale pale. Alimtazama Detlef. Detlef alikuwa akimwomba kwa macho, na mikono yake ilikuwa imeukumbatia mkoba wa kahawia wenye nyaraka zote. Wiebke alitarajia wivu umchome. Haukuja. Kilichokuja ni dharau, nzito na baridi, ikajikalia kifuani kwake kama mwenyeji.

"Ndiye mimi, wifi," alisema. "Karibu. Kaa. Kaka yangu alikuwa anakusifu sasa hivi."

Detlef alipaliwa na kahawa ya chupa.

"Kanipangia wikiendi yote!" Birgit alisema, akitoa karatasi. "Mtu makini huyu. Sikiliza: Jumamosi asubuhi, kutembea bandarini, bure. Kutazama meli za kale kutoka nje, bure. Mchana, mayai ya kuchemsha. Kulala, nyumbani kwa Tomma, bure."

"Meli kutoka nje?" aliuliza Wiebke. "Ndani hakuingiliki?"

"Ndani kuna kiingilio," Detlef alinong'ona.

Wiebke aliomba karatasi aione. Aliijua. Aliiona miaka mitano iliyopita kwenye meza yao ya jikoni, alipoomba siku mbili za kutembea Flensburg na kumsalimia shangazi Tomma, na Detlef akapiga hesabu akasema ni anasa. Karatasi ileile, mwandiko uleule. Kwenye mstari wa mayai palikuwa na herufi W, mayai mawili. W ilikuwa imekatwa kwa rula, ikaandikwa B.

Hata dhambi alikuwa ameifanya kwa karatasi iliyokwisha kutumika.

"Kaka," alisema Wiebke polepole, "wewe ni mwanamume suruali."

"Ah, wifi, utani wenu!" Birgit alicheka, akafungua kopo, akaanza kumenya yai.

Treni ilikuwa inakaribia Neumünster. Anayesafiri njia hii anajua kwamba hapo treni hukatwa vipande viwili. Cha mbele huenda Kiel, cha nyuma huenda Flensburg. Wao walikuwa wamekaa nyuma, Detlef alihakikisha.

Ghafla Detlef akawa mtamu. Sauti ilimlegea, na mkono ukamgusa Wiebke begani kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

"Huku pana kelele, Wiebke. Kichwa chako. Nenda gari la mbele kabisa, kuna viti vizuri vya dirishani. Sisi tutakufuata na mizigo."

Mbele! Anamtuma Kiel! Mumewe anamfungasha na sanduku lake kama kifurushi, ili saa saba ikifika yeye awe anashangaa bahari ya mji mwingine.

"Ila niachie ufunguo wa shangazi," Detlef aliongeza. "Usije ukaupoteza."

Ufunguo wa nyumba ya Tomma ni mmoja tu, mrefu, wa chuma cheusi, umefungwa uzi mwekundu wa sufu aliousuka marehemu mwenyewe. Wiebke aliusikia umelala mfukoni mwa koti lake, uzi umefungwa kwenye bitana. Akatia mkono mfuko wa pili, akatoa ufunguo mwingine, mfupi, wa chumba cha kuanikia nguo chini ya jengo lao Hamburg. Akamwekea Detlef kiganjani.

Detlef aliutazama, akaufumbata, akaridhika. Hakuwahi kuuona ufunguo wa Tomma, wala kuushika ule wa kuanikia nguo. Miaka ishirini na tano hakuwahi kumtembelea Tomma, kwa kuogopa nauli.

Wakati huohuo kipaza sauti kilikoroma juu ya vichwa vyao. "Abiria, tunaomba radhi. Leo mpangilio wa treni umegeuzwa. Sehemu ya mbele inakwenda Flensburg. Sehemu ya nyuma inakwenda Kiel. Tunarudia..."

Watu wakaguna, wakaanza kushusha mizigo. Huku wanasonya, kule wanaulizana, na gari lote likawa mguu mmoja mlangoni.

Detlef alikuwa akiupima ule ufunguo mkononi. Aliinua uso, akawatazama abiria wanaosukumana, akacheka kwa pua.

"Watu hawajui kusoma ratiba," alisema. Akatoa karatasi yake iliyotiwa plastiki. "Nyuma, Flensburg. Hii hapa, imechapishwa."

"Wametangaza jambo, Detlef," alisema Wiebke. Nami namshuhudia mbele yenu kwamba alimwambia.

"Hao kutangaza ndiyo kazi yao. Mimi nina maandishi. Nenda, Wiebke, utakosa kiti."

Wiebke alisimama, akashika sanduku. Alikuwa anauma midomo ili asicheke.

"Asante, kaka," alisema.

Alishuka, akapita jukwaa lote kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, akapanda gari la kwanza. Kitako hakijatulia, treni ikakatwa, ikatetema kidogo, ikaondoka. Nyuma, kile kipande kingine kilibaki relini. Alipokuwa akipita jukwaani alimwona Detlef dirishani akijimiminia kahawa, karatasi ya plastiki imesimamishwa mbele yake. Mkewe alipita mbele ya kioo chake, na yeye hakuinua hata uso.

Hapo ndipo Wiebke alipocheka. Alicheka mpaka machozi, peke yake, na mzee wa kiti cha jirani akamsogezea kitambaa cha karatasi. Mjinga yule! Kumzunguka mke hawezi, kumtupa mke hawezi, hata treni ya kwao hawezi kuipanda!

"Uf! Mbio zote hizi na viatu hivi!"

Kicheko kilimkauka. Birgit Classen alijibwaga kiti cha mbele yake, anahema. Mapajani alikuwa na ule mkoba wa kahawia wa Detlef.

"Wewe umefikaje hapa?"

"Tangazo kila mtu kasikia, isipokuwa mumeo. Nikamwambia naenda msalani, nikabeba sanduku langu na mkoba wake huku yeye amezama kwenye ratiba."

Neno lilikuwa limepita, na yule mwanamke aliliacha lipite bila kulifunika.

"Ndiyo, nasema mumeo," Birgit aliendelea kwa sauti ileile ya uchangamfu. "Nilijua zamani. Alifikiri mimi nitamkataa akiwa na mke, basi akakufanya dada. Nikaona nimwache afurahi. Wewe nawe uliitikia u-wifi haraka, nikaona tuendelee."

"Unamtaka? Mchukue."

"Nimtake wa nini? Anayehesabu mayai?" Birgit alitoa jalada la bluu mkobani, akalifungua, akalisukuma kwenye meza. "Mimi nataka nyumba."

Wiebke alijitutumua. "Nyumba haiuzwi. Nafika kwa wakili kabla ya saa saba, nafuta ile hati."

"Soma tarehe, mama."

Wiebke alisoma. Mkataba ulikuwa umetiwa saini Jumanne. Jumanne! Detlef alisema amekwenda kwa daktari wa meno.

"Miadi ya leo si ya saini," alisema Birgit. "Ni ya makabidhiano. Soma chini."

Chini iliandikwa waziwazi: nyumba inakabidhiwa siku ufunguo unapowekwa mezani kwa wakili. Ufunguo ni mmoja. Ikipita Ijumaa saa saba mchana bila ufunguo kuonekana, kila upande una ruhusa ya kujitoa na mkataba unakufa.

"Huo mstari kauweka Detlef mwenyewe," Birgit alisema. "Anapenda tarehe. Sasa, ule uliompa nimeuona. Kwa nyuma una kibandiko kimeandikwa 'nguo'." Alinyoosha mkono, kiganja wazi juu ya meza. "Ufunguo, wifi."

"Thubutu," alisema Wiebke.

"Tiketi tafadhali, mliopanda Neumünster!"

Alikuwa yuleyule kondakta. Alimkumbuka Wiebke, akampita kwa kutikisa kichwa, akasimama mbele ya koti la kijani.

"Tiketi yangu anayo mwenzangu," alisema Birgit. "Bwana Harms."

"Ohoo! Bi Classen." Kondakta alivua miwani amtazame vizuri. "Na Bwana Harms yuko wapi?"

"Yuko njiani kwenda Kiel."

"Kafuata nini Kiel?"

"Ana ratiba iliyochapishwa," Wiebke alidakia.

Kondakta alifumba macho kidogo, kama mtu anayesali. "Wenye majina wanasafiri pamoja, bibie. Aliyeachana na tiketi hana tiketi."

"Nanunua sasa hivi kwenye simu."

"Ya kununua hununuliwa kabla ya kukaguliwa. Nitakuandikia faini, na Rendsburg utashuka."

Birgit alimgeukia Wiebke. Kwa mara ya kwanza uchangamfu ulimpungua. "Wifi. Mwambie tuko pamoja. Mwambie tunafahamiana."

"Unamfahamu?" kondakta aliuliza.

Wiebke alimtazama mwanamke yule kuanzia viatu mpaka nywele. Ile dharau iliyokuwa ya Detlef peke yake ilisogea, ikapata nafasi ya mtu wa pili.

"Mimi? Mimi nasafiri peke yangu."

Treni ilipanda daraja la juu la mfereji, ikaanza kuzunguka duara lake kubwa kushukia mjini Rendsburg. Birgit aliandikiwa, akasaini, akachukua sanduku lake. Mkoba wa kahawia aliuacha kitini.

"Huu ni wa mumeo," alisema. "Umeshinda, Bi Harms. Sina kinyongo."

Akainama akamkumbatia, shavu kwa shavu, kama vile Elmshorn. Wiebke aliganda kama gogo, amegeuza uso pembeni kwa kinyaa, akingoja shughuli ile iishe. Kisha mlango ukafunguka, koti la kijani likashuka, mlango ukafungwa.

Imekwisha. Saa sita kasoro dakika kumi na tano. Jalada liko mkononi, mpumbavu yuko Kiel, mwizi yuko Rendsburg, na treni ya pili ni baada ya saa nzima. Itapita saa saba, na nyumba ya Tomma itabaki ya Wiebke. Akashusha pumzi, akatia mkono mfukoni kuushika ufunguo, ili tu ausikie.

Mkono ulitoka na kipande cha uzi mwekundu, urefu wa kidole, kimekatwa vizuri kabisa.

Lile kumbatio la kuaga! Alibandika uso kwenye kioo. Treni ilikuwa imeshaanza kutembea. Tangu Hamburg alikuwa amemkodolea macho mjinga, akimdharau kwa raha zake, na mwerevu alikuwa amekaa mbele yake akimenya yai.

Nje ya stesheni Birgit Classen alikuwa akifungua mlango wa teksi, na kwa barabara Flensburg hufikwa kabla ya saa saba. Alisimama, akaitafuta treni kwa macho, akainua mkono. Ufunguo mweusi ulining'inia kidoleni mwake, na midomo yake, ingawa kioo kilizuia sauti, ilisema neno moja ambalo Wiebke alilisoma bila taabu.

"Wifi."